Chai ya Onyiego

Mimi mtu akinishikisha kikombe, ukweli hutoka wenyewe. Uliza yeyote hapa Nyaramba. Nina ulimi usiojua kubembeleza chai. Ikiwa imechacha nitasema imechacha, hata kama aliyeipika ni mama mkwe wa chifu na chifu mwenyewe ameketi hapo anachokonoa meno.

“Iko aje?” Mama Kemuma akaniuliza.

Chai ilikuwa na ladha ya kopo. Tena si kopo jipya, ni lile lililokaa juu ya meko misimu kadhaa likivuta moshi kama mzee. Nilimeza. Ikashuka ikinikwaruza, ikafika chini ikauliza njia.

“Tamu,” nikasema.

Haya. Tuendelee.

Nyanchoka, mama yake Kemuma, alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni akilitazama koo langu kuhakikisha kwamba ile chai imepita. Yeye mwenyewe hawezi kuionja. Ni Msabato wa viti vya mbele, wa wale ambao chai na kahawa haziwagusi midomo. Watu wa nje wakisikia hivyo hucheka, kwa sababu shamba lake ni chai tupu kutoka langoni hadi mtoni. Chai ndiyo iliyomlipia karo na kumwezekea mabati. Imempaka vidole weusi usiotoka hata kwa ndimu. Ila ladha yake haijui. Kila alfajiri hujifunga nailoni kiunoni ili umande usimloweshe, anatia kikapu mgongoni, anaingia kati ya mistari na kuchuma majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, ya kunywewa na watu asiowajua katika nchi ambazo hatafika. Yale majani makavu yaliyo kwenye kopo juu ya meko, ambayo kiwanda huwagawia wakulima, ni ya mtu mmoja tu duniani. Na mtu huyo, mumewe Onyiego, yuko Naivasha anakata maua.

“Haijazidi maji?”

“Haijazidi.”

“Onyiego huipenda ya rangi, nzito, mpaka kijiko kiogope.”

“Hiki kijiko kinatetemeka, mama. Angalia.”

Akacheka, akanipiga begani kwa kitambaa cha vyombo, kisha akaimimina chai kwenye thamosi na kukaza kifuniko kwa nguvu zake zote, kama anayefunga ng'ombe asitoroke.

Hiyo ilikuwa Jumatano, siku ya basi.

Mwakilishi wetu wa wadi alikuwa amefariki, Mungu amrehemu, na Alhamisi tulikuwa tunachagua mwingine. Waliotaka kiti walikuwa wengi, lakini wenye mabasi walikuwa wawili. Mogire, ambaye tulimwita mheshimiwa hata kabla hajapata kura moja, alikodi basi la kuwaleta watoto wa wadi wanaofanya kazi Naivasha. Mpinzani wake akakodi la Nairobi. Mimi nilikuwa upande wa Mogire, kitengo cha simu. Kazi yangu ilikuwa kumpigia kila mwenzetu aliye mbali na kumwambia: ndugu, gari lipo, chakula kipo, njoo nyumbani tupige kura, kesho kutwa utakuwa umesharudi kwa mzungu wako. Kazi nzuri. Mdomo wangu hatimaye ulikuwa umepata mwajiri.

Katika mizunguko yangu nilifuatwa na Mitchell Akong'o. Ni msichana wa kutoka kule ziwani, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyekuwa amepanga chumba nyuma ya duka la dawa. Alikuwa anafanya utafiti. Alitaka kujua kwa nini mtu ahamie mbali kikazi, azae huko, aumwe huko, lakini kura yake aiache kijijini. Alikuwa na maswali mazuri yaliyopigwa pasi, na simu ya kurekodia. Wiki iliyotangulia nilimpeleka kwa Mama Kemuma. Alikaribishwa maziwa ya moto. Aliomba chai, akaambiwa kwa upole kwamba majani yaliyopo yana mwenyewe.

“Mama, wewe unapiga kura kwa nini?” Mitchell akaanza.

“Ili basi lije.”

“Basi gani?”

“La kuleta watu.”

Mitchell akasogeza kigoda. “Namaanisha, unapochagua kiongozi unaangalia nini? Maendeleo? Ukoo? Chama?”

“Naangalia gari lake linatoka wapi.” Mama Kemuma alikuwa anachambua mboga, chinsaga ile chungu yetu, na mikono yake haikusimama. “Huyu Mogire analeta la Naivasha. Mwenzake analeta la Nairobi. Mimi Nairobi sina mtu.”

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mitchell hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyesikia mlango ukifunguka mahali ambapo hakujua pana mlango.

“Kwa hiyo mzee huja wakati wa uchaguzi?”

“Zamani alikuwa anakuja Krismasi. Halafu Krismasi ikawa simu. Halafu simu ikawa zile meseji za heri, za kutumiwa watu wote. Lakini uchaguzi hajawahi kuukosa. Kemuma wangu ni wa uchaguzi. Tulipiga kura Machi, yeye akaja Desemba.”

Mitchell akahesabu kwa vidole, kisha akaona haya, akawatazama kuku.

“Na ule mwaka mahakama ilisema turudie,” Mama Kemuma akaendelea, na uso wake ukafunguka kama wa msichana, “wee! Alikuja mara mbili. Watu walikuwa wanagombana kwenye redio, nchi nzima imenuna, na mimi nilikuwa nimepiga magoti hapo kwenye chai, namshukuru Mungu. Mchungaji akasema tuombee amani. Nikaomba. Lakini kidogo tu.”

“Akija anafanya nini?”

“Anakaa.” Akafikiri. “Anarekebisha kitu. Mara ya mwisho alirekebisha mfereji wa maji ya paa. Mvua ikinyesha nasikia pale alipogonga msumari, panalia tofauti. Anakunywa chai yake, analalamika kwamba nimeipika kama maji ya kuogea, anaenda.”

Ndipo Mitchell akauliza lile swali. Sikumlaumu wakati huo wala simlaumu sasa. Kazi yake ilikuwa kuuliza.

“Siku hizi ni rahisi mtu kuhamisha kura, mama. Anaenda tu ofisini na kitambulisho. Kama baba Kemuma akiihamishia Naivasha?”

Mikono ikasimama. Jani moja la chinsaga likabaki limening'inia kati ya vidole vyeusi.

“Kura ni ya nyumbani,” akasema. “Yake iko hapo juu, shule ya msingi, chumba cha kwanza kutoka kwa mti. Mtu anaweza kuacha kila kitu. Mimi najua. Nimekaa hapa naona vitu vikiachwa. Lakini hiyo hajaiacha. Wanaohamisha ni wale wamehama.”

Akarudi kuchambua, haraka kuliko mwanzo.

Jioni hiyo hiyo nikampigia Onyiego. Nilikuwa nimesimama kando ya kinu cha kusagia mahindi, kidole kimoja sikioni kwa ajili ya kelele. Nilimkuta anakula, nilisikia sahani, nilisikia na mtu mwingine akigonga kijiko.

“Ndugu Onyiego! Gari limepatikana. Jumatano asubuhi liko hapo stendi linawachukua.”

“Gari la nini?”

“La nini tena? La kura.”

“Ah.” Akatafuna. “Nyasani, mimi sitakuja. Kura nilihamisha. Siku hizi napiga huku.”

“Tangu lini?”

“Kitambo kidogo.”

Nyuma yake mtoto mdogo akasema, kwa Kiswahili safi cha huko, “Baba, niongeze mboga.” Yeye akafunika simu kwa mkono. Alipoifunua alikuwa anapumua kama mtu aliyebeba gunia.

“Sasa mama Kemuma nimwambie nini?” nikamuuliza.

“Wewe unajua kuongea. Mwambie vizuri.”

“Sawa, nitamwambia.”

Nikaenda kumwambia vizuri. Nilimkuta amesimama foleni kwenye kituo cha kupimia chai, kikapu kimemjaa mgongoni mpaka shingoni. Nyanchoka ni mtu wa salamu ndefu. Huanza na wewe, anapita kwa mama yako, anafika kwa ng'ombe, anamaliza kwa mvua. Siku hiyo aliruka zote.

“Amesemaje?”

Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Nilikuwa nimeyapanga vizuri kweli, yana mwanzo, yana pole katikati, yana Mungu mwishoni. Nikafungua mdomo.

“Atakuja,” mdomo ukasema.

Sasa msiniangalie hivyo. Ningefanya nini, na kikapu kile kiko mgongoni mwake? Nilijiambia ngoja kwanza apimiwe chai, nitamrekebishia kesho. Kesho nikapewa pikipiki ya matangazo, nikashinda Magwagwa nikipiga kelele kwenye kipaza sauti kwamba Mogire ni mtu wa neno lake. Kesho kutwa nikapita kwake kabisa, niko tayari, nikakuta ameshachimba shimo karibu na zizi, ameulaza mkungu wa ndizi humo, ameufunika kwa majani makavu.

“Ukifukiwa leo,” akaniambia, “Jumatano ni laini. Onyiego hapendi zenye ganda gumu.”

Ungemwambia mtu aliye magotini shimoni? Haya, umwambie wewe.

Na uongo ule ukamfanyia kitu. Alisiriba jikoni upya, akachanganya majivu kwenye udongo mpaka kuta zikawa na rangi ya njiwa. Akashuka hadi Daraja Mbili, akazama kwenye lundo la mitumba, akaibuka na rinda la buluu la mikono mirefu. Akawa anaimba nyimbo za kanisa katikati ya wiki. Na kazini, yeye ambaye chai yake haijawahi kurudishwa, akarudishwa. Nilikuwapo. Karani alimwaga kikapu kwenye meza ya ukaguzi, akapitisha mkono, akaanza kuokota vijiti na majani makubwa magumu.

“Mama Kemuma, leo umeniletea kuni?”

Foleni ikacheka. Wanawake wakaanza.

“Mwacheni, bwana wake anakuja.”

“Huo mkono umeshafika Naivasha, hapa umebaki mwili.”

“Chagua polepole, mama, usije ukachuma na karani!”

Mwingine angeona aibu. Yeye alichutama hapo hapo juu ya saruji na kuchambua rundo lake upya, jani kwa jani, huku akitabasamu na sakafu. Alipomaliza, kikapu kilichojaa kilikuwa kimebaki nusu. Hakulalamika. Akanipita kwenye njia ya kutokea, akanong'ona, “Mikono yangu haitaki kuangalia chini, Nyasani. Inaangalia barabara.”

Nikamjibu kwa mzaha. Mzaha ni kitu ninachokuwa nacho kila wakati, kama wengine walivyo na kitambaa cha pua.

Basi Jumatano ikafika, nikaitwa kuonja chai, nikasema tamu, na tukapanda barabarani pamoja. Mchana ulikuwa mweupe, mawingu yamejikusanya upande wa Kericho lakini hayajaamua. Yeye alivaa rinda la buluu. Kwenye kiondo alikuwa na thamosi, kikombe kimoja kilichofungwa kwa leso, na ndizi zilizoiva siku ile ile aliyosema zitaiva. Mitchell alikuwa ameshafika sokoni, simu mkononi, kwa sababu watu wanaoshuka kutoka kwa basi la kura ndio hasa aliokuwa ametumwa na chuo kuwatafuta.

“Umependeza, mama,” Mitchell akasema.

“Si mimi. Ni Daraja Mbili.”

Tukangoja. Wauza nyanya wakauza nyanya. Kijana wa Mogire akajaribu tarumbeta lake la plastiki, likatoa sauti ya ndama. Na mimi, niwaambie kitu: kadiri tulivyongoja ndivyo nilivyoanza kuliamini basi. Nikawaza, huenda mtu amelala akabadili mawazo. Huenda aliamka asubuhi akasikia harufu ya chai isiyokuwapo. Nikajikuta nimenyoosha shingo kuliko yeye.

Likaja. Picha ya Mogire imebandikwa kwenye kioo cha mbele, meno yote nje. Watu wakaimba, wake wakakimbilia mlangoni, watoto wakapenya katikati ya miguu. Mama Kemuma hakwenda mlangoni. Akazunguka upande wa pili, chini ya madirisha, akasimama huko peke yake na mikono imenyooshwa kidogo mbele.

“Kwa nini yuko huko?” Mitchell akaniuliza polepole.

Nilikuwa najua. Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Onyiego hana subira ya foleni ya kushuka. Kila uchaguzi hufungua dirisha, humtupia mkewe mkoba, kisha ndipo anapoanza kusukumana. Wao husalimiana kwa mkoba. Mara ile ya kurudia uchaguzi, mkoba ulimgonga kifuani akaanguka kwenye matope, na bado huisimulia kama mtu anayesimulia harusi.

Dirisha la kwanza, kichwa cha mzee. La pili, mwanamke akatupa godoro, wengine wakalidaka. La nne likafungwa kutoka ndani. Yeye akasogea hatua, akanyoosha mikono chini ya la tano. Ndani watu walikuwa wanapungua; unaweza kuona mwanga wa upande ule mwingine ukipita katikati ya viti. Akasogea tena. La mwisho lilikuwa wazi, pazia lake la rangi ya damu ya mzee likipepea nje kidogo, na yeye akalitazama lile pazia kwa muda mrefu, mikono bado iko juu.

Dereva akazima injini.

Wa mwisho kushuka alikuwa Cleophas. Huyo ni wa huku kwetu ng'ambo ya mto. Anakata maua na Onyiego katika nyumba moja ya plastiki, miaka nenda rudi. Alizunguka basi akitafuta pa kujinyoosha mgongo, akamwona.

“Shemeji! Bwakire buya?”

“Buya mono. Mmesafiri vizuri?”

“Tumefika, tunashukuru. Mbona umesimama huku? Unangoja nani?”

“Mwenyewe.”

Cleophas akacheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha akaona rinda. Akaona kiondo. Nilikuwa nimeanza kurudi nyuma kuelekea kwenye nyanya, taratibu, kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka shughuli, lakini macho yake yakanikuta.

“Kwani huyu hakukwambia?”

“Kuniambia nini?”

“Nyasani, si mimi nilikuwapo? Tulikuwa tunakula. Onyiego aliiweka simu mezani, kila mtu anasikia. Akakwambia wazi, kura nilihamisha, siji. Ukasema sawa, nitamwambia. Kwa masikio yangu haya.”

Kijiko. Ndiye aliyekuwa anagonga kijiko.

Hakuna tarumbeta lililolia. Mitchell aliinua simu yake ya kurekodia, akaitazama kana kwamba imemuuma, akaizima na kuitia mfukoni.

Mama Kemuma hakunigeukia. Alimtazama Cleophas, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kuulizia ng'ombe na mvua.

“Mlikuwa mnakula wapi?”

“Kwake tu, shemeji. Pale anapokaa.”

“Mlikula nini?”

“Ugali. Ugali na sukuma.”

“Nani alipika?”

Cleophas akaangalia viatu vyake. Vilikuwa na vumbi jekundu la safari, na aliviangalia kama mtu anayetafuta jibu chini ya nyayo. Kutoka upande wa mlango nyimbo za Mogire zikaanza upya, mbali, kama ziko katika wadi nyingine.

“Haya,” akasema Mama Kemuma. “Umetoka mbali. Kula ndizi.”

Akampa. Akampa na Mitchell. Akawapa na watoto wawili waliokuwa wamekuja kuchungulia. Kisha akachutama chini ya lile dirisha la mwisho, akafungua leso, akatoa kikombe. Kifuniko cha thamosi kilikuwa kimekazwa sana. Alikizungusha kwa vidole vyake vyeusi mpaka kikakubali. Akamimina mpaka juu, bila kumwaga tone. Akasimama, akaja hadi niliposimama, akanishikisha kikombe kwa mikono yake miwili.

“Nyasani,” akasema. “Mimi sijui chai. Onja tena, uniambie. Iko aje?”

Kikombe kilikuwa cha moto. Cleophas alikuwa anasubiri, ndizi mkononi bila kuimenya. Mitchell alikuwa anasubiri. Pazia la dirisha likapepea nje, likarudi ndani. Mvuke ukapanda kati ya uso wake na wangu, ukinuka kopo.